Pikipiki ya theluji juu ya ziwa: sentimita 12 zinatosha?

Swali: "Nimehamia nchi ya baridi kwa sababu ya kazi, na huu ni msimu wangu wa pili. Wenzangu kazini wana pikipiki za theluji, zile mashine zenye mbao za kuteleza mbele na mkanda mpana unaozunguka badala ya magurudumu. Wamenialika Jumamosi tuvuke ziwa, kilomita sita hivi mpaka ng'ambo, turudi jioni. Mmoja wao alitoboa barafu karibu na gati akapata unene wa sentimita 12. Nilipoonyesha wasiwasi waliniambia kwamba pikipiki ya theluji ikienda kasi haizami. Ukisikia barafu inapasuka unakaza mafuta tu. Sijui kuogelea vizuri. Je, ni kweli wanayosema? Na nikizama nifanye nini?"

Jibu: Ndugu yangu, umefanya vyema kuuliza kabla ya safari. Kwa habari ulizonipa, nakusihi usivuke ziwa hilo Jumamosi. Simtilii shaka mwenzako aliyepima, naamini alipata sentimita 12 kweli. Wasiwasi wangu uko kwenye maneno yako matatu: "karibu na gati". Alichopima ni shimo moja, nanyi mnataka kupita kilomita sita, kisha mrudi tena.

Tuanze na hesabu, kwa sababu ndiyo inayowapotosha wengi. Mtu hudhani barafu ikipungua unene kwa nusu, nguvu yake nayo hupungua kwa nusu. Sivyo. Nguvu hupungua kwa mraba wa unene. Mwaka 1971 mtafiti Lorne Gold wa Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada alichapisha kanuni ambayo wahandisi wa barabara za barafu wanaitumia mpaka leo. Kwa upande wake wa tahadhari inasema hivi: chukua unene kwa sentimita, uzidishe kwa wenyewe, kisha uzidishe kwa 3.5, nawe utapata kilo ambazo barafu nzuri inaweza kubeba. Sentimita 12 zinakupa kama kilo 500. Sentimita 10 zinakupa 350. Sentimita 7 zinakupa 170 tu, na sentimita 5 hazifiki hata 90.

Sasa weka mzigo wako juu yake. Pikipiki nyingi za theluji zina uzito wa kilo 200 hadi 300. Ongeza mafuta, ongeza wewe mwenyewe na nguo nzito, helmeti na viatu, unafika 350 bila shida. Ukimpakia mtu nyuma umepita 400. Kwa hiyo pale gatini mna nafasi ndogo ya usalama, na ikiwa mbele barafu imepungua upana wa vidole vitatu tu, inaweza kubeba nusu ya uzito wenu. Vidole vitatu! Huwezi kuviona kutoka kwenye kiti cha pikipiki. Ndiyo maana Idara ya Maliasili ya jimbo la Minnesota nchini Marekani, jimbo lenye maelfu ya maziwa, hushauri inchi 5 hadi 7, yaani sentimita 13 hadi 18, kwa pikipiki ya theluji, tena barafu mpya iliyo angavu, na bado inasisitiza kwamba hakuna barafu iliyo salama kabisa.

Angavu maana yake nini? Barafu yenye nguvu ni ile unayoweza kuona ndani yake, ya rangi ya samawati au nyeusi kwa sababu ya maji yaliyo chini. Ile nyeupe kama maziwa imetokana na theluji iliyolowa ikaganda, ina mapovu ya hewa, na nguvu yake huhesabiwa kuwa nusu. Unahitaji unene maradufu. Ya kijivu ina maji ndani yake, hiyo usiikanyage hata kwa miguu. Kwa hiyo muulize mwenzako swali la pili: sentimita 12 za rangi gani? Kama 5 za juu zilikuwa nyeupe, hesabu yote imebadilika.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba ziwa si sakafu ya saruji iliyomwagwa siku moja na kusawazishwa. Ni kitu kinachojengwa na kubomolewa kila siku. Maji huwa mazito kuliko yote yakiwa na nyuzi 4 za Selsiasi, kwa hiyo majira ya baridi hayo ndiyo yanayotulia chini, na yaliyo baridi zaidi hubaki juu na kuganda. Maana yake ni kwamba chini ya barafu unayoipita kuna hazina ya joto. Ni joto dogo, lakini linatosha kuilamba barafu kwa chini mahali popote maji yanapotikisika. Mto unapoingia ziwani, unapotoka, penye chemchemi, penye mlango mwembamba kati ya visiwa viwili, kwenye ncha ya rasi, chini ya daraja: hapo maji hayatulii na barafu hainenepi. Matete, magogo na mawe yanayochomoza nayo hunyonya joto la jua na kuilegeza barafu iliyoyazunguka. Wengine hufunga kwenye magati yao mashine za kupuliza mapovu ili barafu isivunje nguzo. Hizo huleta maji ya chini juu na kufungua madimbwi usiyoyatarajia. Na kama ziwa lenu ni bwawa la kuzalishia umeme, kina hupanda na kushuka, barafu ya kando hubaki inaning'inia bila maji ya kuishikilia.

Ni jambo la kawaida kabisa kutoboa shimo ukapata sentimita 20, ukatembea hatua arobaini ukapata 6, na theluji ya juu haionyeshi tofauti yoyote. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Juu ya ziwa lililoganda usemi huo ni maelekezo ya kazi.

Nikitaja theluji, nisimame hapo kidogo, kwa maana wageni wa baridi huiamini kupita kiasi. Mtu huona ziwa limefunikwa jeupe pepepe akadhani ndivyo lilivyoganda vizuri. Theluji ni blanketi. Ikianguka mapema juu ya barafu changa huizuia isiendelee kunenepa, hata kama nje ni nyuzi 20 chini ya sifuri. Tena ni mzigo: huikandamiza barafu, maji hupenya kwenye nyufa na kupanda juu, yakachanganyika na theluji kuwa uji mzito uliojificha chini ya weupe. Pikipiki ikiingia kwenye uji huo mkanda wake huzunguka bila kushika, mashine hukwama. Hapo mpanda hushuka kuisukuma, wenzake huja kumsaidia, na kwa dakika moja pikipiki tatu na watu wanne wamekusanyika sehemu moja. Uzito ambao barafu ilikuwa ikibeba ukiwa umetawanyika sasa umewekwa mahali pamoja.

Jambo lingine la msimu. Wengi huogopa mwanzo wa baridi, na wana haki, lakini kuelekea mwisho barafu inaweza kuwa na unene wa nusu mita na bado isikubebe. Jua linapopata nguvu, maji hupenya katikati ya chembe ndefu za barafu zilizosimama wima, barafu ikawa kama fungu la mishumaa iliyoachana. Ukiipima kwa rula inakuridhisha. Ukiigonga kwa mtaimbo inasambaratika. Kwa hiyo unene peke yake hautoshi, ni lazima ujue imepitia hali gani. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2020, ukiwa umekusanya habari kutoka nchi 10, ulionyesha kwamba vifo vya kuzama majira ya baridi huongezeka hali ya hewa inapokaribia nyuzi 0. Watu hawazami sana kwenye baridi kali. Huzama kwenye baridi ya wastani, siku nzuri ambazo kila mtu ana hamu ya kutoka.

Na mlio wa barafu? Barafu nzuri hunguruma, hulia kama radi ya mbali, kwa sababu hutanuka na kunywea joto linapobadilika. Mlio huo peke yake hauna maana ya hatari, na ukimya hauna maana ya usalama. Usiongozwe na masikio.

Sasa hili la kasi. Nitalijibu kwa haki, kwa sababu lina chembe ya ukweli, na ukweli huo mdogo ndio unaoua. Ni kweli pikipiki ya theluji inaweza kuteleza juu ya maji matupu kwa muda, ikiwa na nguvu ya kutosha, ikienda moja kwa moja, na mafuta yasipungue hata kidogo. Kuna watu wanaofanya hivyo kama mchezo, majira ya joto, wakiwa na majaketi ya kujiokolea na mashua ya uokoaji ikingoja kando. Wewe hutakuwa na lolote kati ya hayo. Ukipunguza mwendo, ukikata kona, injini ikikohoa mara moja, kilo 250 za chuma zinaelekea chini. Na hata ukifika upande wa pili wa uwazi, unaukuta ukingo wa barafu umesimama mbele yako kama ngazi. Pikipiki hugonga, mpanda hurushwa.

Tena kasi huleta hatari yake yenyewe. Kitu kizito kinapopita juu ya barafu huibonyeza, na maji ya chini husukumwa yakawa wimbi linalosafiri chini yako. Mwendo wa wimbi hilo unategemea kina. Penye kina cha mita 2 ni kama kilomita 16 kwa saa, penye mita 10 ni kama 36. Ukienda kwa mwendo sawa na wimbi lako, barafu hupinda kuliko kawaida, na karibu na ufuko wimbi hugonga likarudi. Madereva wa malori kwenye barabara za barafu huko Kanada hutembea taratibu kwa sababu hiyo. Pikipiki ni nyepesi kuliko lori, lakini barafu mnayoizungumzia nayo ni nyembamba mara nyingi kuliko ile ya malori.

Lakini hayo ni madogo ukilinganisha na breki. Ukiwa kwenye kilomita 80 kwa saa unakula mita 22 kila sekunde. Tuseme taa yako inamulika mita 60. Usiku unaona kitu cheusi mbele. Je, ni barafu angavu au ni maji? Vyote viwili huonekana sawa chini ya taa. Kwa sekunde moja na nusu ya kutambua na kushika breki umeshatumia mita 33. Zimebaki 27, na kusimama juu ya barafu tupu kutoka mwendo huo huhitaji zaidi ya mita 100. Umeshaingia majini kabla breki haijafanya kazi yake. Mmesema mtarudi jioni, na majira ya baridi giza huja mapema. Kwangu mimi, hilo peke yake lingetosha kuahirisha.

Na alama za mpanda mwingine zisikudanganye. Zinakuonyesha kwamba jana barafu ilimbeba mtu mmoja mwenye uzito wake. Hazikuambii kama aliacha ufa nyuma yake.

Nije kwenye swali lako la pili, ambalo naomba ulisome mara mbili.

Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, ambaye ameingia mwenyewe kwenye maji ya barafu mara nyingi kwa ajili ya utafiti, anafundisha namba tatu: 1, 10, 1. Dakika moja ya kwanza ni ya pumzi. Maji yanapokupiga mwili huvuta pumzi ghafla bila ridhaa yako, kisha unahema kwa kasi. Kichwa kikiwa chini ya maji wakati huo, umevuta maji. Kwa hiyo kazi yako ya dakika hiyo ni moja tu: kichwa kibaki juu na pumzi itulie. Usipigane na barafu bado. Kisha una dakika 10 hivi ambazo mikono na miguu bado inakutii. Hizo ndizo za kujitoa. Baada ya hapo misuli hukataa, lakini una karibu saa moja kabla hujapoteza fahamu kwa baridi. Watu wengi huamini kwamba baridi inaua ndani ya dakika mbili, wakatumia nguvu zao zote kwa hofu katika dakika ile ambayo hawana pumzi. Ukijua kwamba muda upo, utautumia.

Pikipiki iache izame. Geuka uelekee ulikotoka, kwa sababu barafu ya nyuma yako ilikuwa imekubeba, ya mbele huijui. Weka mikono juu ya ukingo. Usijaribu kujiinua wima kama mtu anayepanda ukuta. Piga miguu kwa nguvu mpaka mwili ulale juu ya maji kama samaki, halafu jivute mbele kwa tumbo. Ukingo ukivunjika, rudia, na urudie tena, mpaka ufike penye barafu ngumu. Ukishatoka usisimame. Biringika au tambaa kwenye njia uliyojia mpaka uwe mbali. Ukiona umeshindwa na nguvu zinakwisha, laza mikono juu ya barafu utulie. Nguo zilizolowa zinaweza kuganda zikakushikilia hapo hata fahamu zikipotea, na waokoaji wakakukuta kichwa kikiwa juu.

Usivue ovaroli wala viatu ukiwa majini. Wengi hudhani nguo nzito zitawavuta chini, kumbe ovaroli ya pikipiki ya theluji hushika hewa ndani yake na kukuelesha kwa dakika za mwanzo, zile unazozihitaji. Hata hivyo, kwa mtu asiyejua kuogelea vizuri kama wewe, hewa hiyo si ya kutegemea. Vaa jaketi la kujiokolea, au ovaroli iliyotengenezwa maalumu kuelea. Na shingoni uvae vile vijiti viwili vifupi vyenye ncha za chuma na kamba katikati, vinavyouzwa kwa wavuvi wa barafu. Barafu iliyolowa haina pa kushika. Vidole vitupu huteleza tu, ncha zile huuma. Vikae kifuani. Vikiwa kwenye begi chini ya kiti vitazama pamoja na kiti. Simu nayo iwe mwilini, ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Akizama mwenzako, moyo utakutuma umkimbilie. Usikimbie. Barafu iliyomshinda yeye itakushinda wewe, na msaada wa kwanza anaouhitaji ni mtu aliye nje ya maji. Simama mbali, piga simu ya dharura, mpigie kelele atulize pumzi na apige miguu. Kisha mrushie kamba, au lala kifudifudi umsogezee tawi, ngazi, chochote kirefu.

Akitoka, mwingizeni mahali pa joto, mvueni nguo zilizolowa, mpasheni joto kifuani na kwapani. Asisuguliwe mikono na miguu, asipewe pombe. Kama amelegea sana mshikeni taratibu kama yai na awe amelala, kwa sababu moyo uliopoa huweza kuvurugika kwa mshtuko mdogo tu. Na kama hapumui, anzeni kumkandamiza kifua wala msikate tamaa mapema: mwaka 1999 huko Norway mwanamke aliyekuwa akiteleza kwa skii alinaswa chini ya barafu ya kijito kwa muda unaozidi saa moja, joto la mwili wake likashuka mpaka nyuzi 13.7, na akapona.

Sasa Jumamosi. Kama wenzako wanaweza kukuonyesha njia iliyowekewa alama na watu wanaolijua ziwa hilo, iliyotobolewa kwa keekee kila mita 45 hivi siku ileile, barafu angavu isiyopungua sentimita 15 kote, mkaondoka asubuhi na kurudi kukiwa bado na mwanga, pasipo mtu aliyekunywa, kila pikipiki mita 50 nyuma ya mwenzake na mtu mmoja juu yake, nitakuelewa ukienda. Pungufu ya hapo, waombe mpite njia ya nchi kavu kuzunguka ziwa, hata ikichukua siku nzima. Wakikataa, baki gatini. Ila kabla hawajaondoka wakuandikie kwenye karatasi njia watakayopita na saa ya kurudi, ili wasipotokea uwe na la kuwaambia waokoaji.